Jiwe Halikuwa Kitufe

Miezi minne nilikaa na kitufe kimoja.
Cha mviringo, rangi ya papai lililoiva,
chini kulia, pale kidole gumba kinapofika chenyewe;
ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyoamini.
Kimeandikwa ANZA.
Nani atashindwa kuanza?

Wa kwanza kulijaribu gemu walikuwa wadudu wa ziwa.
Usiku ule waliingia dirishani kama moshi wenye mabawa,
umeme umekatika, mwanga pekee ni wa simu,
wakatua, si kwenye kitufe changu:
juu, kwenye mwezi niliouchora kwa kujifurahisha.
Nikawafuta kwa kiganja.
Mdudu, nikasema, hana haja ya kuanza.

Wa pili alikuwa Holo, binti wa Nshoma,
miaka tisa, magoti yana vumbi la Mabatini.
Nikampa simu. Sikusema neno. Ndiyo kanuni:
mbunifu hufunga mdomo, mikono mapajani,
kama mkwe ugenini.

Akatazama.
Akabonyeza jiwe.

Mawe yale, jamani, yalikuwa mapambo!
Niliyaweka nyuma, yamepandana kama yalivyo ya kwetu,
moja limembeba mwenzake mgongoni bila mbeleko,
ili mchezaji ajue tuko Mwanza, basi.
Akabonyeza la chini, kisha la juu yake,
kisha la juu zaidi, kidole kinapanda
bila haraka, kama kinarudi nyumbani.
Mashua yangu imetulia. Sangara wangu wametulia.
Wote wanangoja kitufe.

Akanirudishia simu kwa mikono miwili,
kama mtu anayerudisha bakuli la jirani
lililopasukia kwake.
“Limekufa. Nisamehe,
labda nimekosea mimi.”

Nimekosea mimi.
Miezi minne ya kazi, na hilo ndilo nililomfundisha.

Nikamwuliza: kwa nini jiwe?
Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mlango.
“Si ndiyo njia?”
Na hiki cha njano?
“Nilidhani tangazo. Halafu kona hiyo,
kwenye simu ya mama, haisikiagi.”

Jioni nikamsindikiza kwao, mlimani.
Kuna ngazi pale, za saruji, zina ukingo wa chuma
uliopakwa bluu. Kwenye ukingo wameanika mashuka.
Kwenye ngazi kalala mbuzi.
Watu wanapita pembeni, juu ya jabali tupu,
mahali visigino vya miaka vimelisugua
mpaka linang'aa kama tumbo la sangara.
Ngazi zinaanzia palipomfaa fundi.
Njia inaanzia kwenye bomba la maji.

Nshoma akatupita, anatoka Mwaloni,
beseni la dagaa kichwani, hatazami miguu;
simu iko mkono wa kushoto,
na kidole, chenye magamba bado,
kinaukwepa ufa wa kioo bila kuambiwa.
“Mwangaluka,” akanitania, jua linazama.
Mguu wake haukusoma maelekezo popote.

Usiku nikakifuta kitufe.
Sitasema haikuniuma; rangi ile
niliitafuta wiki tatu.

Sasa gemu halina ANZA.
Unagusa jiwe, linalia kidogo, sauti ya kokoto
chini ya kandambili. Unapanda.
Ukikosea unateleza hatua moja tu, hufi,
maana nani kwetu alikufa kwa kuteleza hatua moja?
Kule juu ziwa linafunguka lenyewe
na mashua inaondoka.

Holo hakusema ni zuri.
Hakusema lolote. Alipanda,
chaji ikabaki asilimia mbili,
mama yake akaita, akaita tena,
mara ya tatu akaita kwa jina la ubatizo.

Ndipo, juu kabisa, akabonyeza mwezi.

Kimya.
Akabonyeza tena.
Mikono yangu iko mapajani, moyo wangu mdomoni,
nangoja ile nisamehe.

Akanigeuzia simu, uso mkavu,
kama mwalimu anayerudisha daftari:
“Huu bado hujaumaliza.”